Tiketi inasema masaa saba na nusu? Safari ya Nairobi hadi New York, umbali wake na muda wake

Swali limetoka kwa msomaji wa Dar es Salaam. Nalifupisha:

"Shikamoo mzee. Mama yetu ana miaka 68, na mwezi wa saba anakwenda kwa kaka New York. Atapanda Dar hadi Nairobi, halafu Nairobi hadi New York bila kutua popote. Tiketi inaonyesha anaondoka Nairobi 23:55 tarehe 14 na kufika 07:25 tarehe 15. Kaka anasema hiyo ni safari ya saa saba na nusu. Wakati wa kurudi anaondoka New York 12:30 na kufika Nairobi 09:15 kesho yake, yaani karibu saa 21. Inakuwaje kwenda saa saba, kurudi saa ishirini na moja? Na umbali nao: tovuti moja inasema kilomita 11,840, nyingine maili 6,390, na rafiki yangu aliyeifuatilia ndege hiyo kwenye simu anasema iliruka kilomita 12,150. Nimwambie mama nini?"

Marahaba, mwanangu. Mwambie mama masaa kumi na manne na nusu, kwenye kiti kimoja. Hiyo ndiyo namba yake. Nyingine zote ulizoniandikia nazo ni za kweli, ila kila moja inajibu swali lake, na ninyi mmezitia kapu moja.

Walimu wa lugha wanisamehe kwa hilo neno "masaa". Najua kitabuni ni saa, umoja na wingi. Lakini katika mambo ya ndege "saa saba" imeshaponza watu: mmoja anasikia muda wa safari, mwenzake anasikia mshale wa ukutani. Humu nikisema masaa nina maana ya muda unaopita, nikisema saa nina maana ya mshale.

Tuanze na kaka. Amechukua saa ya kufika New York, akatoa saa ya kuondoka Nairobi, kana kwamba saa zote mbili zimetundikwa ukuta mmoja. Kila muda unaoandikwa kwenye tiketi ni wa mji unaotajwa pale. Mwezi wa saba New York iko nyuma yetu kwa masaa saba. Kwa hiyo 07:25 ya kule, saa moja na dakika 25 asubuhi, kwetu Dar na Nairobi ni 14:25, saa nane na dakika 25 mchana. Sasa hesabu kutoka 23:55 usiku mpaka 14:25 mchana wa pili yake: masaa 14 na dakika 30. Kurudi fanya vivyo hivyo. Saa 12:30 ya New York kwetu ni 19:30, saa moja na nusu jioni. Kutoka hapo mpaka 09:15 asubuhi ni masaa 13 na dakika 45. Kwa hiyo kurudi ni kufupi kuliko kwenda, kinyume kabisa na tiketi inavyoonekana.

Kuna ujanja mmoja niliokuwa nikiwafundisha vijana kazini, na unafaa hata kama hujui tofauti ya saa baina ya miji miwili. Chukua muda wa kwenda kama ulivyo kwenye tiketi, masaa saba na nusu. Chukua na wa kurudi, masaa 20 na dakika 45. Vijumlishe: 28 na robo. Gawa kwa mbili: masaa 14 na dakika saba au nane. Huo ndio wastani wa safari moja. Tofauti ya saa imejifuta yenyewe, maana iliyokupunguzia wakati wa kwenda ndiyo iliyokuongezea wakati wa kurudi.

Angalizo moja: hiyo tofauti ya masaa saba haidumu mwaka mzima. Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi tuliokaa jirani na ikweta, jua linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, hatuna sababu ya kuhangaika hivyo. Mama akirudi baada ya Jumapili hiyo ya Novemba, tofauti itakuwa masaa manane, na ukikuta tiketi imebadilika kwa saa nzima usidhani ndege imepunguza mwendo.

Haya, umbali.

Ingia darasa lolote lenye tufe la dunia, siyo ramani ya ukutani, tufe. Weka ncha ya uzi juu ya Nairobi, uvute mpaka New York, uukaze. Uzi utatafuta wenyewe njia fupi kuliko zote. Njia hiyo ndiyo wataalamu wanaiita duara kuu, kwa sababu ukiuendeleza uzi utaizunguka dunia yote na kuikata nusu kwa nusu. Kwa hesabu, kati ya uwanja wa Jomo Kenyatta na uwanja wa John F. Kennedy kuna pembe ya karibu nyuzi 106 na nusu (hizi ni digrii, siyo uzi wetu wa kuvuta) ukipimia katikati ya dunia. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo kila nyuzi moja ni kama kilomita 111. Zidisha, unapata takriban 11,840. Hiyo ndiyo namba ya tovuti ya kwanza.

Tovuti ya pili haijakosea. Maili zake ni maili za baharini. Kila nyuzi ina dakika 60, na dakika moja ya nyuzi juu ya uso wa dunia ndiyo maili moja ya baharini, kilomita 1.852. Nyuzi 106 na nusu mara 60, umefika 6,390. Mabaharia waliipenda kwa sababu inatoka moja kwa moja kwenye ramani bila kubadilishwa, na marubani wakairithi kwao pamoja na mambo mengine mengi. Maili ya barabarani ya Marekani ni fupi zaidi, kilomita 1.609, kwa hiyo safari hiyohiyo utaikuta mahali pengine imeandikwa maili 7,360. Ukiona neno maili, uliza kwanza ni ya wapi.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Waulize watu kumi Kariakoo ndege ya Nairobi kwenda New York inapita wapi, nadhani nusu yao watakwambia Ulaya, na wengine watakwambia inakata moja kwa moja magharibi juu ya Kongo. Uzi unasema vingine. Ukitoka Nairobi unaelekea kaskazini magharibi, unapita kaskazini mwa Uganda jirani na Gulu, unaingia Sudan Kusini, unakata kona ya Darfur, Sudan, unaikata Chad na kona ya Niger, kisha unavuka Sahara ya Algeria kaskazini kidogo ya Tamanrasset. Unaiaga Afrika kwenye pwani ya Morocco, karibu na Safi, baada ya kupita kilomita kama 40 kaskazini mwa Marrakesh. Karibu nusu ya safari nzima imekwisha na bado hujatoka Afrika! Baada ya hapo ni Atlantiki, na katikati ya maji hayo uzi unapita karibu juu ya kisiwa cha Terceira, katika visiwa vya Azores vya Ureno. Mwisho unapanda hadi latitudo ya 42 hivi, halafu unateremka polepole kuingia New York.

Mtu akiweka rula kwenye ramani ile ya ukutani iliyozoeleka mashuleni, mstari wake utatokea Mauritania, upande wa Nouadhibou. Machoni unaonekana umenyooka, lakini ni mrefu kuliko uzi kwa kama kilomita 350. Ramani bapa imelivua chungwa ganda na kulilazimisha lilale mezani, na lazima pachanike mahali.

Kwa nini basi rafiki yako aliona 12,150? Kwa sababu hakuna ndege inayofuata uzi barabara. Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa kupanga njia hizo: unaketi chini na kompyuta, taarifa za hewa na ramani za anga, unamwandalia rubani njia ya kupita na mafuta ya kubeba. Uzi ndio unaoanza nao, halafu unaanza kuupinda. Anga ya Sudan ilifungwa tangu vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023. Libya mashirika mengi huikwepa kwa miaka sasa. Kwenye ukanda wa mvua wa Afrika ya kati kuna mawingu ya radi yanayopanda juu kuliko ndege yenyewe, na hayo hayapitiki, yanazungukwa. Na wakati mwingine unaurefusha mstari kwa makusudi, kwa ajili ya upepo. Kilomita 300 za ziada kwenye safari kama hii si ajabu kabisa. Umbali unaoandikwa kwenye tovuti ni wa viwanja viwili. Umbali ulioruka ni wa siku ile.

Upepo nitauzungumza kwa kirefu, maana ndio kiini cha swali lako la kwenda na kurudi.

Mimi ni mtu wa Pangani. Wazee wetu hawakupima safari ya Muscat kwa maili, walipima kwa msimu. Kusi ikianza kuvuma, majahazi yanapandisha. Kaskazi ikiingia, yanashuka. Nahodha aliyekosa msimu alingoja miezi, na bahari ni ileile, umbali uleule. Ndege haingoji msimu, lakini upepo haujamsamehe mtu. Ndege ya Boeing 787, ambayo ndiyo iliyoizindua njia hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, hukata hewa kwa kasi ya kama kilomita 900 kwa saa. Angalia nilivyosema: hukata hewa. Hewa yenyewe inatembea. Ni kama kutembea juu ya pantoni ya Kigamboni. Miguu yako ina mwendo wake, lakini ukitazamwa kutoka ufukweni mwendo wako ni wa miguu na wa pantoni kwa pamoja. Ukitembea kuelekea omo unafika mbele haraka. Ukirudi tezini, wa ufukweni anaona kama huendi.

Huko juu, kilomita tisa mpaka kumi na mbili kutoka ardhini, kuna mito ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki na kuizunguka dunia yote. Katikati ya mto huo kasi inaweza kupita kilomita 200 kwa saa, na majira ya baridi ya kaskazini ndipo inapochachamaa. Anayekwenda Marekani anaupokea usoni, anayerudi anausikia mgongoni. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, kimbunga kilichoitwa Ciara kikielekea Uingereza, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa manne na dakika 56. Safari hiyo kwa kawaida hupita masaa sita. Injini zilikuwa zilezile. Mto ulikuwa umefurika.

Sasa tufanye hesabu ya mama. Kilomita 12,150 kwa mwendo wa 900 bila upepo wowote ni masaa 13 na nusu. Ongeza kama robo saa ya kupanda na kuteremka, ambako ndege haiendi kwa kasi yake kamili. Ongeza nusu saa ya kujikokota ardhini, maana muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoachia mlango wa kupandia mpaka inapoegesha upande wa pili, siyo tangu matairi yanaponyanyuka. Umefika masaa 14 na robo. Upepo wa omo, yaani wa usoni, wa wastani wa kilomita 20 tu kwa saa, unaoweza kutosha kwa mwezi wa saba, unaongeza kama dakika 18. Hiyo ndiyo 14 na nusu ya tiketi yako. Januari upepo huo ukiwa 60, safari inagonga masaa 15 na kupita. Wakati wa kurudi, upepo wa tezi, yaani wa mgongoni, wa kilomita 35 unaishusha mpaka 13 na dakika 45. Kumbuka upepo siyo mmoja njia nzima. Juu ya Uganda na Chad unaweza usiwepo kabisa, halafu Atlantiki ukakukaba, kwa hiyo hizi namba zangu ni wastani wa safari yote.

Jambo jingine ambalo abiria halioni ni kimo cha Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, wakati wa Dar uko mita chache tu, kama 55. Hewa ya juu ni nyepesi. Mabawa yanaishika kwa shida na injini inapata hewa kidogo ya kuunguzia mafuta, kwa hiyo ndege ileile iliyobeba mzigo uleule inahitaji mbio ndefu zaidi ili inyanyuke. Na mchana jua likipiga, hewa inakuwa nyepesi zaidi. Sasa fikiria ndege inayotakiwa kubeba mafuta ya masaa 14. Njia hii ilipozinduliwa zilitajwa tani 85 za mafuta kwa kila upande. Kuondoka usiku, hewa imepoa, ni nafuu kubwa ya uzito. Addis Ababa wana kazi ngumu kuliko sisi, wako mita 2,300 na zaidi, ndiyo maana safari za Ethiopian kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kujaza mafuta, zamani Dublin, baadaye Lomé, hali wakati wa kurudi, wakiwa wametoka chini huku upepo uko mgongoni, huweza kuunganisha moja kwa moja. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ndege fulani ina uwezo wa kilomita 13,500, kama ilivyo hii 787-8, muulize inatokea wapi.

Umeniuliza pia, chini kabisa ya barua, kama isingekuwa afadhali mama apitie Dubai "maana iko njiani". Mwanangu, Dubai haiko njiani. Kutoka Nairobi mpaka Dubai ni kama kilomita 3,560. Ukishafika, ukaulizia New York, utaambiwa bado 11,020. Umesafiri nusu usiku na umeikaribia New York kwa kilomita 800 tu! Jumla inapita 14,500. Amsterdam ndiyo iko njiani kweli: 6,680 halafu 5,850, jumla 12,530, zaidi ya uzi kwa kama 690 tu. Ila hapo nako kuna kushuka, kungoja, kupanda tena. Bei ikiwa tofauti sana nawaelewa wanaopita Ghuba, na nimewahi kupita mimi mwenyewe. Kwa mzazi wa miaka 68 anayesafiri peke yake, mimi ningelipia ya moja kwa moja. Kukaa kunachosha, lakini kutafuta mlango namba fulani katika uwanja wa ukubwa wa mtaa, kwa lugha isiyo yako, saa tisa usiku, kunachosha vibaya zaidi.

Ila msimdanganye kwamba safari ni masaa 14. Masaa 14 na nusu ni ya kiti kimoja. Dar mpaka Nairobi ni kilomita 670 hivi, dakika themanini angani, na kabla ya hapo kufika uwanjani mapema, na baada ya hapo kuisubiri ndege kubwa Nairobi. Akitoka nyumbani saa nane mchana tarehe 14, atatua New York saa yake ya mkononi ikisoma saa nane na nusu mchana tarehe 15. Bado foleni ya uhamiaji, bado begi. Hesabu siku nzima na masaa mawili juu.

Saa ya mkononi akiiacha kwenye muda wa Dar, ataona kioja. Jua litazama kabla hajapanda ndege kubwa, kisha usiku utakataa kuisha. Ndege inakimbilia magharibi, na alfajiri inaikimbiza kwa nyuma na kuchelewa kuipata. Saa yake itasema kumi na mbili na nusu asubuhi, nje giza totoro juu ya Sahara. Kwa hesabu yangu ya mwezi wa saba, jua litamfikia karibu na zile Azores, saa ya Dar ikiwa kama tatu na nusu asubuhi. Usiku wa masaa 15. Nimeandika hili kwa sababu wazee wetu wengi huswali, na mama anaweza kuamka kwa mazoea ya mwili akadhani alfajiri imepita. Swala ya angani waulizeni wenye elimu yao. Mimi ninachoweza kumhakikishia ni kwamba jua bado. Kurudi ni kinyume chake, ataondoka mchana, giza litamshukia mbio na kuondoka mbio, na usingizi atauona mfupi.

Mwili wake. Hewa ndani ya 787 huwekwa kama ya mahali palipo mita 1,800 hivi, juu kidogo ya Mbeya mjini, wakati ndege nyingi za zamani huwa kama mita 2,400. Kwa mtu mwenye moyo na mapafu mazima hilo si jambo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni miguu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba kukaa bila kujinyoosha kwa zaidi ya masaa manne huongeza kama mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo sana, lakini mama ana miaka 68, na kama amewahi kuvimba mguu mmoja ghafla, au ana shinikizo la damu, amwone daktari kabla ya tiketi, siyo baada. Mchukulieni kiti cha upande wa njia, siyo dirishani, ili asione haya kuwaamsha watu kila anapotaka kusimama. Anywe maji. Wazee wetu hawanywi maji safarini kwa kuogopa kusumbuka na choo. Mwambieni vyoo viko vingi na hakuna anayemhesabia. Dawa zake zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, na kama anatumia insulini au dawa za masaa maalumu, daktari ampangie ratiba mpya, maana siku hiyo kwake itakuwa na masaa 31. Na ombeni kiti cha magurudumu mapema mnapokata tiketi. Wengine hukiona aibu. Faida yake ni kwamba anapata mtu wa kumsukuma na kumwonyesha njia Nairobi na New York pia, na foleni inakuwa nyepesi.

Akiuliza kama ni salama kuvuka bahari kubwa na injini mbili tu, mjibu kwamba njia hupangwa ili injini moja ikizima, iliyobaki iifikishe ndege kwenye uwanja ulioandaliwa ndani ya muda uliowekwa, na zile Azores ziko kwenye ramani zetu kwa kazi hiyo. Wewe peke yako nitakusimulia: Agosti 2001 ndege ya Air Transat kutoka Toronto kwenda Lisbon iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki kwa bomba kuvuja, injini zote mbili zikazima, na rubani akaiongoza ikielea kama mwewe mpaka Lajes, Azores. Watu 306, wote wakatoka hai. Mama usimsimulie kabla ya safari.

La mwisho ni tarehe, na hili nimeliona likiangusha watu kuliko upepo na umbali. Tiketi yenu inasema 23:55 tarehe 14. Mashirika hubadilisha ratiba, na dakika arobaini mbele tu itakuwa 00:35 tarehe 15. Mtu anasoma "tarehe 15", anajiandaa siku nzima ya tarehe 15, anafika uwanjani jioni ile na begi lake, na ndege imeondoka usiku uliopita. Shemeji yangu alifanya hivyo, msomi kabisa. Kiswahili chetu kina neno zuri ambalo mitambo ya tiketi haina: usiku wa kuamkia. Ujumbe wa mabadiliko ukija, mwandikie mama kwa kalamu, kwa karatasi, "usiku wa kuamkia tarehe 15", na chini yake saa ya kutoka nyumbani Dar, siyo ya ndege kuruka.

Na kaka, mwenye masaa yake saba na nusu, aende uwanjani tarehe 15 asubuhi, siyo usiku wa kumi na nne. Ndege ikitua saa moja na dakika 25, mama hatatokea mlango wa abiria kabla ya saa mbili na nusu, pengine tatu. Amchukulie chai ya moto.